Mlango Usio na Ngazi

Siku ile ya Desemba 1994, ndani ya nyumba tulikuwa wanne. Mimi, Mwadi. Binti yangu Shekinah, wa miezi saba. Rafiki yangu Antoinette, aliyepitia kutoka Matonge, mtaa wa Wakongo, kuniletea mawese. Na Nonna Assunta, bibi wa Kiitalia niliyemtunza pale Forest, mjini Brussels, ambaye miguu yake ilikuwa imekataa kutembea kwa miaka miwili.

Wanne. Baadaye nilihesabu mara nyingi.

Saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limeshaingia, kama kawaida ya majira ya baridi. Nilikimbia dukani kununua maziwa ya mtoto. Niliporudi, Antoinette alikuwa amemaliza kunipigia pasi na kuvaa koti.

"Jirani yenu hana adabu," alisema. "Iko anagongagonga ukuta tu. Alors, miye naenda, tramu isiniache. Na weye, acha kumubeba huyu maman kama mutoto, mugongo utavunjika!"

"Ananipenda."

"Anakupenda juu unamusuguaka miguu!"

Akaondoka huku akicheka.

Lakini Nonna alinipenda kweli. Waajiri wengine walikataa nije kazini na mtoto. Yeye alisema kitanda cha Shekinah kiwekwe karibu na stovu. Kila siku alimenya chungwa, akanipa mimi nile, na ganda tukaliweka juu ya stovu ili mtoto alale katika harufu nzuri.

Nilipomsugua miguu, alinisimulia mji wao, Roccaspina. Mji wa juu ya kilima, mkongwe kuliko Roma, alivyosema yeye. Chini ya nyumba zake kuna makaburi ya watu ambao lugha yao haisemwi tena. Na kila nyumba ina milango miwili. Mpana ni wa wazima. Mwembamba ni wa maiti, nao uko juu kuliko usawa wa barabara, bila ngazi, kwa sababu maiti hubebwa. Akishatolewa, mlango ule hufungwa kwa mawe, asijue njia ya kurudi.

Mume wake Elio, fundi mwashi, alijenga mlango kama huo hapa Brussels, ukutani, kando ya stovu. Nyuma yake palikuwa na ukuta wa jirani tu. Lakini Elio alifia hospitali. Hakuupita.

Nilikuwa nakoroga maziwa, mgongo wangu ukielekea ukutani.

Ko... ko... ko...

Kwetu Bukavu, anayebisha haachwi nje. Mdomo ukatangulia akili.

"Karibu," nikasema.

Nikaendelea kukoroga.

Kisha harufu. Udongo uliolowa... mshumaa uliozimwa sasa hivi...

Niligeuka. Mlango mwembamba ulikuwa wazi, upana wa kiganja. Sikuona matofali ya jirani. Palikuwa na giza, na upepo wa baridi ukitoka ndani yake.

Shekinah alikuwa anacheka. Alinyoosha mikono yote miwili, kama anavyofanya akitaka kubebwa.

Blanketi lake likaanza kuteleza. Polepole. Kuelekea mlangoni.

"Mwadi," Nonna alinong'ona kutoka kitandani kwake. "Umemjibu?"

"Nimesema karibu, Nonna. Unisamehe."

"Basi hatarudi mikono mitupu."

Nilitaka kukimbilia mtoto. Miguu yangu haikunisikia. Shekinah alikuwa ameshainuka kutoka kwenye godoro, na hakuna mtu aliyemshika.

Kitanda cha Nonna kikalia.

Alikuwa amesimama.

Alipita mbele yangu bila viatu, akamdaka mtoto kiunoni, akavuta. Upande wa pili nao ukavuta. Shekinah akapiga ukelele.

"Elio," Nonna alisema, taratibu, kama mtu anayemwamsha mume wake. "Huyu si wetu. Mwache. Mimi nipo."

Ukaachia.

Alinipa mtoto mikononi. Mikono yake ilikuwa ya moto.

"Toka kwa mlango mpana. Usigeuke. Na asante kwa miguu yangu."

Nilisimama mvuani, Shekinah ndani ya koti langu, mpaka jirani alipofika na begi lake. Alikuwa kazini tangu asubuhi.

Tuliingia naye. Mlango mwembamba ulikuwa umefungwa. Nonna alikuwa amelala kitandani, amefunikwa vizuri mpaka kifuani, amekufa.

"Amekufa usingizini," jirani alisema, akanishika bega. "Usilie, madame."

Nilifunua blanketi ili nimnyooshe miguu. Nyayo zake zilikuwa na udongo wa njano, mbichi. Sakafuni hapakuwa na alama hata moja.

Nilichemsha maji, nikaziosha kama kila siku.

Mkononi mwa Shekinah kulikuwa na alama ya udongo uleule, upana wa kidole kimoja. Hiyo niliiosha kwa siku tatu.

Mwezi wa pili tulihamia mtaa wa Auderghem, katika chumba chenye mlango mmoja.