Kizuizi cha Nesta

— Hizi ni kuni!

Watson alicheka mpaka kofia yake, aliyotoka nayo migodini Ndola, ikamwangukia machoni. Alikuwa katikati ya shamba la Nikodemo pale Hasamba, akiisukuma miche ya kahawa kwa ncha ya kiatu. Enzi zile za Mwingereza viatu vilikuwa vichache kijijini, na Watson alitaka hata majani yavione vyake.

— Mwaka wa pili huu unamwagilia kitu kisicholiwa! Awe, hapana! Kule kwa Wabemba mtu kama wewe tungemfunga kamba.

— Itazaa, Nikodemo alijibu taratibu.

— Ikizaa, mzungu atakuja kusema zao ni lake na shamba ni lake. Si ndivyo, Mzee Efraimu?

Mzee Efraimu, baba yake Nesta, akaitikia kwa kichwa. Uvumi huo ulikuwa umezagaa Mbozi nzima: ukipanda mti wa mzungu, umemwonyesha njia ya shambani kwako. Watu wazima na ndevu zao walikosa usingizi kwa kuogopa mche usiofika kiunoni.

Nesta alisimama pembeni na mtungi wa maji kichwani, akisikiliza upuuzi huo. Jumapili mbili mfululizo, kanisani Mbozi Mission, ndoa yake na Watson ilikuwa imetangazwa. Ilibaki Jumapili moja. Ikipita bila mtu kupinga, basi, yeye ni mke wa kofia. Hakuna aliyemuuliza. Baba yake aliipenda ile kofia, akadhani amempenda mkwe.

Wawili hao walipoondoka, Nesta alimgeukia Nikodemo.

— Umemsikia?

— Nimemsikia.

— Na umenyamaza.

— Ningesema nini, Nesta? Mwenzangu ana ng'ombe. Mimi nina kuni.

Nesta akautua mtungi kwa kishindo.

— Wewe nawe! Una imani kwamba kambegu kadogo hivi katakuwa shamba, huna imani kwamba mimi ningekukubali? Umeniuliza lini?

Nikodemo akatazama miguu yake. Nesta akamdharau kwelikweli. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alimpenda vilevile, tangu siku alipomwona akiifunika miche kwa majani ya migomba jua lisiiunguze, huku kijiji kizima kikimcheka.

Njiani hasira ikamrudia mwenyewe. Kwani yeye alikuwa shujaa? Tangu abatizwe alimwomba Mungu mvua, kifua cha baba yake kipone, hata ndama wa jirani asife. Kitu cha kwake mwenyewe hakuwahi kuomba. Aliogopa hata kukiota, asije akaamka hana. Na hapohapo alijiita Mkristo, mtoto wa Baba mwenye kila kitu!

Akapiga magoti kwenye nyasi, mchana kweupe.

— Mungu wangu, nataka nyumba yenye madirisha. Nataka shamba la kahawa nitakalolilima kwa mikono yangu. Na nataka Nikodemo, na uoga wake huohuo, utamrekebisha mwenyewe. Nimesema. Sasa nipe miguu ya kusimama.

Jumapili ikafika. Mchungaji Osea akasimama mbele.

— Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho, ndoa ya Watson mwana wa Mbonile na Nesta binti Efraimu. Mwenye kizuizi asimame.

Kwenye mabenchi ya wanawake, mtu akasimama. Alikuwa bibi arusi.

— Keti, mwanangu, mchungaji akanong'ona. Haya ni maswali ya watu wengine.

— Mimi nina kizuizi, Mchungaji. Simtaki.

Kanisa likavuma. Mzee Efraimu akaruka.

— Nesta! Keti chini!

— Baba, nisamehe. Mchungaji, siku ya ndoa utaniuliza kama nimekubali?

— Nitakuuliza.

— Nitasema hapana. Sasa tungoje mpaka ng'ombe wachinjwe na wageni wawe wameshika vijiko?

Mtu akacheka, kisha benchi zima. Kicheko ndicho Watson asichokiweza. Debe tupu haliachi kuvuma, naye akainuka na kofia mkononi.

— Unajiona nani, mke wa kuni? Unadhani nina shida ya wanawake? Ndola nina mke anayenipikia kila siku, hajawahi kuniinulia sauti!

Mdomo ulikuwa umeponza kichwa, na kofia yake pia.

— Una nini Ndola? Mchungaji akauliza.

Watson akaivaa kofia yake, akaelekea mlangoni. Mzee Efraimu akaketi mwenyewe, bila kuamriwa.

Nesta hakuketi. Akageukia upande wa wanaume.

— Na wewe, Nikodemo, bado unatazama miguu?

Nikodemo akainuka.

— Mzee Efraimu... ng'ombe sina. Naomba ungoje mavuno. Namtaka binti yako. Nimemtaka siku zote, uoga ndio ulionifunga.

— Mavuno ya kuni? mzee akauliza kwa unyonge.

— Ya kuni hizohizo, baba, Nesta akajibu.

Mzee alingoja, kwa sababu aibu ilikuwa imemnyang'anya neno lingine. Kahawa ilipoiva nyekundu, hakuna mzungu aliyekuja kudai shamba. Aliyekuja ni Mzee Efraimu mwenyewe, jioni jioni asionekane, kuomba miche. Nesta alimpa, akamfundisha kuifunika.

Msimu uleule ndoa nyingine ikatangazwa, na Jumapili ya tatu Mchungaji Osea akasoma kwa tahadhari:

— ...Nikodemo na Nesta. Mwenye kizuizi asimame.

Kanisa lote likageuka, likamtazama Nesta. Yeye akashika benchi kwa mikono miwili, akakaa barabara.

— Endelea, Mchungaji, akasema. Leo nimeketi.