Fundi wa Spika Yuko kwa Mama Yake

Hakuna anayeyajua mapenzi kama mimi. Nimeolewa mara tatu! Haya, chekeni, mwenye kuyajua angeolewa mara moja.

Basi mshonaji mmoja, wa gauni la njano lenye mifuko mikubwa, alikuwa akijitolea kwenye shirika la hisani. Lilikuwa na turubai sokoni, likipima watu virusi vya ukimwi na kuwashika mkono waliokwisha kujijua. Kazi yake ni kuwaita watu kwa kipaza sauti. Siku moja spika zikakoroma kama mzee aliyeshiba, akaletwa fundi: kijana mrefu, shati limepauka mabegani, bisibisi ameichomeka sikioni kama kalamu.

"Dada, spika hizi hazina ugonjwa. Zimechoka kukusikiliza."

"Na wewe?"

"Mimi ndio kwanza nimeanza."

Ikawa simu asubuhi, simu mchana. "Umekula, asali?" "Nimekula, mwizi wa usingizi wangu." Mpaka jioni moja, chumbani kwa mshonaji, kati ya cherehani na rundo la sare za shule, fundi akatamka, "Nataka kukuoa."

Mkasi ukamponyoka mshonaji. Wangapi amewafundisha kulisema neno hili! Leo zamu yake, ulimi mzito kama pasi ya mkaa.

"Nina virusi. Nameza dawa kila siku, vimefubaa, kipimo hakivioni. Siwezi kukuambukiza hata kitandani. Lakini ninavyo."

Fundi akatazama sakafu. Akainuka, akaenda zake, hata bisibisi akaisahau mezani. Tangu hapo simu yake haipatikani.

"Si ungemwambia baada ya harusi?" mama mdogo wa mshonaji alimlaumu.

"Ndoa ya kuvizia, mama mdogo? Hapana."

Jumamosi mshonaji akarudi sokoni, bisibisi mfukoni, macho yamevimba. Maneno yanatoka, moyo haupo. Simu ikatetemeka. Yeye! Akazima kipaza sauti.

"Mpenzi, usikate."

"Uko wapi?"

"Mbali. Kijijini, kwa mama. Mtandao wa huku taabu tupu."

"Na simu ulizima kwa nini?"

"Aibu. Wewe unajijua. Mimi je? Sijapima hata siku moja, halafu nikakutazama kama vile mwenye kasoro ni wewe."

"Rudi basi."

"Nitarudi. Wiki ijayo, nikipata basi."

Mtoto akalia ndani ya simu. Mshonaji akamsikia pia kwa sikio la pili, lile lisilo na simu.

"Ngoja kidogo." Akawasha kipaza sauti. "Wapendwa, foleni ya kupima ni pale kwenye turubai la bluu!"

Sauti yake mwenyewe ikamrudia ndani ya simu, kubwa kuliko ya fundi.

Angemtaja, soko zima lingegeuka. Hakumtaja, wala hakugeuka kumtafuta. Siri ya aliye kwenye foleni ile ni amana. Akazima kipaza sauti, mkono ukiibana bisibisi mfukoni.

"Mume wangu mtarajiwa, huko kwa mama kuna turubai la bluu?"

Mtu akakohoa kwenye simu. Akakohoa na nyuma ya mshonaji.

"Lipo," fundi akasema kwa sauti ndogo. "Na foleni yake haisogei."