Pompi Haiendeshwi Kavu

Siku treni ilipofika Kindu baada ya wiki tatu za kungojewa, stesheni ilikuwa kama sufuria inayofoka. Wapakuzi walipiga kelele wapishwe njia, mbuzi walikojoa juu ya mizigo ya watu, na mama mmoja alikuwa akiapa kwamba gunia lake la chumvi limepungua njiani. Katikati ya fujo hiyo alisimama Mwanvua, binti wa mzee Zuberi fundi wa injini wa mtaa wa Mikelenge, amekumbatia pakiti ya vipuri vya baba yake. Kikwembe chake, kitenge cha kijani, kilikuwa kimechakaa magotini, kwa kuwa kila siku alipiga magoti mbele ya injini.

Hakuwa msichana wa kusema na watu. Shule aliiacha darasa la tano, mwaka macho ya baba yake yalipoanza kuingia ukungu, na tangu hapo mzee aliona kwa mikono ya binti yake. Mbele ya injini aliweza kuongea mchana kutwa. Mbele ya mtu alitazama chini.

Hatua chache kutoka pale, mchuuzi mmoja aitwaye Matata alikuwa ameshusha mashine mbili za kuoshea, zile zenye injini ya esanse, yaani petroli, na pompi inayorusha maji kwa nguvu kupitia bunduki. Moja ilikuwa kubwa kama ndama, nyingine ndogo kama mbuzi. Kijana mrefu mwenye abakosti, koti lisilo na tai, ya rangi ya kahawa alikuwa akizizunguka kama mtu anayechagua mke kwa picha.

"Citoyen," Matata alimwambia, yaani mwananchi, "muntu kama wewe hawezi kununua hii katoto. Beba kubwa! Ukipiga ukuta nayo, inatoa mpaka uchafu wa wakati wa babu yako."

"Ni ya nyumbani tu. Ukuta, kibaraza na pikipiki. Vumbi jekundu limenichosha."

"Njo maana nakuambia kubwa!"

"Ile kubwa itakula nyumba," Mwanvua alijisemea kwa sauti ndogo.

Sauti haikuwa ndogo vya kutosha. Kijana aligeuka. "Unasema nini, dada?"

Mwanvua aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Lakini mashine ilikuwa mbele yake, naye hakuweza kuiacha isingiziwe. "Nyumba yenu iko na lipu ya simenti ao ya udongo?"

"Ya udongo, na chokaa juu."

"Basi kubwa itabandua lipu yote, ubaki unaangalia matofali. Na maji unatoa wapi?"

"Kwenye kisima. Tunavuta na ndoo."

"Kubwa inamaliza pipa mbele umalize kusema bismillahi. Maji yakikatika, pompi inazunguka kavu, inaungua ndani. Ndogo inakunywa polepole. Pipa moja, ukuta mumoja."

Alipiga magoti, akafungua kizibo cha mafuta ya injini, akapaka tone kidoleni na kulisugua. Akanusa tanki la esanse. Akavuta kamba ya kuwashia taratibu, bila kuwasha, akisikiliza kifua cha injini kikikataa na kukubali. "Injini iko nzima. Lakini hii esanse imelala sana, imeoza. Uimwage yote."

"Matata, nabeba hii ndogo," kijana alisema, macho yake yakiwa kwenye mikono ya msichana. "Mimi naitwa Onema, wa Tunda. Niko kwenye ofisi ya kilimo. Na wewe, fundi?"

"Mwanvua."

"Niangalie basi, Mwanvua, nijue kama umenichagulia na moyo muzuri."

"Mimi naangalia mashine. Wewe hauko wa kuuzwa."

Matata mwenyewe alicheka mpaka akaegemea ile kubwa.

Tangu hapo, kila Alhamisi jioni, Onema alionekana akisukuma pusupusu, ule mkokoteni wa mkono, kwenda garage ya mzee Zuberi huko Mikelenge, mashine juu yake imefunikwa shuka kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Wakati mwingine ilikuwa na kasoro. Mara nyingi haikuwa nayo.

"Mashine hii," mzee Zuberi aliuliza siku moja kutoka kitini pake, "inaugua kila Alhamisi?"

"Baba, ni kuizuia isiugue," Onema alijibu.

"Aa. Hata mimi nilimzuia mama yake Mwanvua asiugue, miezi sita, mbele ya kutoa posa."

Mwanvua aliinamisha uso kwenye pompi ili asionekane akicheka. Alimfundisha Onema kama alivyofundishwa yeye, kwa kumuuliza.

"Kwanza?"

"Kwanza naangalia mafuta ya injini. Njo navuta kamba."

"Uongo. Kwanza pipa. Pipa lijae. Unasafisha chujio la mupira wa kuingiza maji. Unabana bunduki mpaka hewa yote itoke, maji yaende bila kukohoa. Njo unavuta kamba."

"Na nikichoka kubana bunduki?"

"Unazima injini. Ukiachia bunduki na injini inalia, maji yanazunguka pale pale ndani, yanachemka, yanapika mipira. Na ukimaliza kazi unatoa esanse yote, usiiache ilale."

"Sheri, mupenzi, na moyo wangu nao unatunzwa namna gani?"

"Huo ulikuja bila chujio. Sijui kama utapona."

Alimpenda. Alimpenda kwa sababu aliuliza na kungoja jibu. Wanaume waliokuja kwenye garage walimwambia maneno baba yake, hata kama mikono yenye grisi ni ya binti. Onema alimwambia yeye. Mbele ya watu wa mtaa alimwita "fundi wangu", na neno hilo Mwanvua alilala nalo kama mto wa pamba.

Kisha ikaja Jumamosi ile ya salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji.

Wageni wakubwa wa chama walitazamiwa kutoka Kinshasa, na mji mzima uliitwa kufagia. Jukwaa la sherehe lilikuwa limechafuka kwa matope mekundu hadi kiunoni. Mkubwa wa chama, ambaye ofisi ya kilimo nayo ilikuwa chini yake, mtu mnene mwenye fimbo na kofia ya ngozi ya chui, alisikia kwamba Onema ana mashine. Ikaletwa. Wanawake ishirini wakapangwa kutoka kisimani hadi kwenye pipa, wakipokezana ndoo, na Mwanvua akiwa mmoja wao. Mashine iliimba. Ukuta ukaanza kuwa mweupe, na watu wakapiga makofi.

Kabla kazi haijafika nusu, mkubwa akatazama saa. "Wamama wote kwenye animation! Ngoma! Wageni wako njiani, na nyinyi mnabeba maji?"

Wanawake wakatua ndoo wakapangwa mistari ya kucheza. Mwanvua alisukumwa mstari wa tatu, akainua mikono pamoja na wenzake, lakini macho yake yalibaki kwenye pipa. Hakuna aliyelijaza tena. Aliona mpira wa kuingiza maji ukianza kutikisika. Aliona maji ya bunduki yakiwa membamba.

"Zima!" alipiga kelele. "Onema, zima!" Ngoma zikammeza.

Akatoka mstarini, akanyakua ndoo, akakimbia. Onema alikuwa ameshageuka kumtazama mkubwa wake. Alijua. Mwanvua aliona kwa macho yake kwamba alijua, kwa kuwa mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi.

"Endelea!" mkubwa alifoka. "Nani alikuambia usimame?"

Na Onema akaendelea. Pompi ikalia kama nguruwe anayeburutwa, moshi ukatoka, harufu ya mpira ulioungua ikatambaa uwanjani. Kisha kimya.

"Nani alikununulisha hii takataka?" mkubwa aliuliza, fimbo yake ikimgusa Onema kifuani.

Mwanvua alikuwa amefika, hatua kumi nyuma yao, ndoo mkononi.

"Ni... ni binti mumoja wa garage, mukubwa," Onema alisema. "Hata shule ya musingi hakumaliza. Alinidanganya."

Watu wakacheka. Ulimi hauna mfupa, lakini ule siku ile ulivunja mifupa ya mtu. Onema aligeuka, akamwona. Mwanvua alitua ndoo mbele ya viatu vya kijana, imejaa pomoni, akaondoka zake.

Wiki iliyofuata mwenye kinu cha mpunga alikuja kuchukua injini yake haijamalizwa. "Si mimi, ni maneno ya mukubwa," alisema bila kumtazama. Baada yake akaja mwenye mtumbwi wa mota, akabeba mota yake. Mzee Zuberi alipapasa meza tupu ya kazi kwa viganja vyake, ukingo hadi ukingo. Mwanvua alipomwona, hasira ilimpanda. Alipiga chuma ambacho hakikuhitaji kupigwa.

"Mutoto, hasira hasara," shangazi yake Mwanahamisi alimwambia.

"Hasara ilitangulia, shangazi. Hasira ilikuja nyuma yake."

Siku ya tano baada ya salongo, wakati wa adhana ya magharibi, Onema alikuja. Hakupita mbele. Alipita nyuma, kwenye migomba, akakohoa kama mwizi mwenye adabu.

"Fundi wangu."

"Hakuna fundi hapa. Iko binti asiyemaliza shule."

"Mupenzi, nisamehe. Niliogopa. Unajua yule anaweza kunipoteza na neno moja tu."

"Najua. Kila muntu hapa anamwogopa. Mimi sikukasirika kwa sababu uliogopa." Sauti yake, ile ndogo, ilikuwa ikitetemeka kama sahani ya bati juu ya injini. "Ungesema maji yalikwisha. Ungesema pompi ilikuwa nzee. Ungenyamaza tu! Katika maneno yote ya dunia ulienda kuchukua lile nililokuambia mimi mwenyewe, nikilia, hapa kwenye benchi hii. Shule yangu. Ulilitoa mbele ya mji wote ili wacheke."

"Nimekuja kuomba musamaha."

"Nyuma ya migomba?"

Onema akageuka kuangalia njia, kama kuna aliyewaona.

"Ulinitukana kwenye jua. Unaniomba musamaha kwenye giza la magharibi. Rudia kwenu, Onema. Na mashine yako watu wa salongo waliitupa pale, ibebe."

"Mwanvua..."

"Rudia! Mbele nimwite baba."

Alienda. Mashine hakuibeba. Kesho yake Mwanvua aliifungua, si kwa mapenzi bali kwa hasira. Akatoa mipira ya ndani iliyoungua ikawa kama maganda ya ndizi, akaipanga juu ya kipande cha bati mbele ya mlango, ili kila mpita njia mwenye macho aone kwamba iliendeshwa kavu. Injini yenyewe ilikuwa nzima, kama alivyosema stesheni. Watu wachache walisimama wakatazama. Mwenye kinu alipita bila kugeuza shingo.

Wakasikia kwamba Onema amepelekwa Pangi, akifuatana na mkubwa kwenye ziara ya mashamba. Mwanvua alisema vema, Pangi iko mbali. Alilisema mara nyingi kupita kiasi.

Siku ya ishirini Mwanvua aliitwa kwa mzee Abedi, mfanyabiashara mwenye fonie, ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali. Saa sita mchana kibaraza cha Abedi hujaa: wenye kuulizia wagonjwa, wenye kutangaza misiba, na wale wanaokuja tu kusikiliza ya wenzao. Kwenye fonie hakuna siri. Anayesema Pangi husikika Kibombo, Kasongo na popote penye mashine kama ile.

"Mwanvua binti Zuberi yuko hapa," Abedi alisema kwenye fonie. "Sema, Pangi."

Sauti ilikuja ikikwaruza, lakini ilikuwa yake.

"Mimi ni Onema wa ofisi ya kilimo. Watu wa Kindu, mnisikie. Mashine ya salongo niliiua mimi. Wamama waliondolewa kwenye maji, pipa likakauka, mukubwa akasema endelea, na mimi niliendelea na nilijua inaungua. Mwanvua alinichagulia vizuri. Alinifundisha vizuri. Nilimusingizia sababu ya woga. Kama uko na injini na umemunyanganya, umurudishie. Nimemaliza."

Mwenye kinu, aliyekuja kuulizia bei ya mpunga, alitazama vidole vya miguu yake.

Abedi akamnyooshea Mwanvua kile chombo cha kusemea. "Bonyeza hapa, useme."

Maisha yake yote alikuwa hajawahi kusema mbele ya watu wengi hivyo. Akabonyeza.

"Mukubwa wako iko wapi?"

"Iko hapa karibu yangu. Ananiangalia."

"Anasema nini?"

"Bado hajasema. Pengine kesho sina kazi." Redio ikakwaruza. "Mwanvua, nikirudi bila kazi, naweza kutuma wazee kwa baba yako?"

Wamama wa kibarazani walishika midomo. Mwanvua alifunga macho ili asione mtu, akabonyeza tena, na safari hii sauti yake ilifika mpaka barabarani.

"Watume. Hapa kazi iko, ya kushika taa wakati mimi nafungua injini. Lakini ujue hasira yangu haijaisha, Onema."

"Itaisha lini?"

"Sijui," alisema. "Kuja uingojee hapa."