Neno la Siku Tatu

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa sayansi, alitaka kitu kidogo tu: kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi haragwe linavyoota. Akalipanda kwenye kopo, akaliweka juu ya kimeza chumbani mwa baba yake, kwa kuwa ndicho chumba kilichopata jua la kutosha. Akategesha simu kuukuu ipige picha moja kila dakika, usiku na mchana, taa ikiwaka. Programu alizipata bure mtandaoni, zile ambazo watengenezaji wake wameziacha wazi kwa yeyote azitumie na kuzirekebisha: moja ya kupiga picha, nyingine ya kuziunganisha ziwe video.

Baba alikuwa amepooza mwaka wa pili sasa. Macho wazi, mwili gogo. Shangazi ndiye aliyemuuguza, akifuma sweta kwenye kiti kando ya kitanda.

"Kaka yangu siku hizi sultani," alipenda kutania. "Hata nzi anafukuziwa!"

Siku ya nne, mchana, mwalimu akaunganisha picha. Siku tatu zikawa dakika tatu. Haragwe likapasua udongo, likanyoosha shingo. Akatabasamu.

Kisha akaona kilichokuwa nyuma ya kopo. Baba alikuwa akisogea.

Si mwili. Macho. Yalianzia mlangoni, yakaambaa na ukuta polepole, kama ya mtu anayemsindikiza mgeni kwa kumtazama. Ukutani hapakuwa na mtu. Yakafika kwenye kiti cha Shangazi.

Yakatulia hapo.

Na midomo. Akairudisha video. Midomo ilijifumba. Ikaviringika. Ikatanuka. Akairudisha tena, akiiga kwa mdomo wake mwenyewe.

"M... to... e."

Mtoe.

Siku tatu nzima baba yake alikuwa akipiga kelele.

Alikimbia chumbani. Shangazi alikuwa kitini, sindano za kufumia mkononi, macho wazi.

"Shangazi," alinong'ona. "Shangazi, ni mimi."

Kifua kilipanda, kikashuka. Basi.

Daktari alisema ni kiharusi, ugonjwa wa ukoo. Mwalimu alitegesha simu upya, na kesho yake akaunganisha picha. Safari hii macho manne yalitembea pamoja, yakatoka kitini, yakarudi mlangoni. Midomo ya wote wawili ilikuwa imeanza neno. Hakusubiri liishe. Siku hiyohiyo alihamia na wagonjwa wake nyumba nyingine, mtaa wa mbali, kuta zimepakwa rangi nyeupe juzi tu.

Wiki ya tatu sasa. Kwenye ukuta wa ukumbini pametokea mchirizi wa weusi unaong'aa, kama pale watu walipopita wakisugua bega miaka na miaka. Umeanzia mlango wa mbele. Kila asubuhi mwalimu anaupima kwa rula, maana hajui afanye nini kingine. Huongezeka shibiri nzima.

Chumba cha wagonjwa umeshakipita. Mbele yake kimebaki chumba kimoja, cha mwalimu.