Noti Saba za Glenda

"Rudia," nilimwambia Clive.

"Nirudie nini?"

"Hicho ulichopiga sasa hivi. Rudia!"

Clive akacheka. Akalegeza nyuzi kidogo, maana yeye gitaa lisiponguruma haoni raha, akapiga tena. Noti saba. Nne zinashuka, mbili zinasimama palepale, ya saba inadondoka chini kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Chumba kizima cha juu ya baa kikatetemeka.

"Mama yangu weee!" Duggie akapiga kelele kutoka nyuma ya ngoma zake. "Hiyo ndiyo rifu, jamani, noti za kumnasa mtu! Hiyo itatutoa huku Smethwick itufikishe London!"

Nikakaa juu ya spika.

"Umeitoa wapi?" nikauliza.

"Imenijia tu. Nilikuwa bafuni."

Muongo! Zile noti nilikuwa nazijua kuliko jina langu. Kinanda cha kanisa la Wamethodisti la mtaa wetu kina pedali kubwa za mbao, za kukanyaga kwa miguu, na wakati wa baridi zinakuwa ngumu kama roho ya mwenye nyumba. Mchumba wangu, Glenda Tranter, ndiye mpiga kinanda pale. Kabla ya mazoezi yake ya Ijumaa anapasha miguu moto kwa noti saba alizozitunga mwenyewe. Jumapili hazipigi. Mbele ya watu hazipigi. Anazipiga akiwa peke yake, mlango umefungwa kwa ndani, na mtu pekee aliyewahi kuketi kwenye benchi akamsikiliza ni mimi, Neville Pargeter, mpiga besi na mwandishi wa maneno wa bendi yetu.

Sasa niambie. Clive Hadlington, mwenye nywele mpaka mabegani na suruali inayobana utadhani kashonewa mwilini, alizisikia wapi?

Jioni ile nilikwenda kwao Glenda. Mama yake akanipa chai na mkate wa siagi, akaenda kusikiliza redio.

"Mbona umenuna?" Glenda akaniuliza.

"Sijanuna."

"Nev, uso wako umevimba kama umeng'atwa na nyuki."

"Umemwona Clive siku hizi?"

Akashika kikombe. Akakizungusha kwenye kisahani.

"Clive yupi? Huyo wenu? Tangu Krismasi sijamtia machoni."

"Ahaa."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

Kumbe mapenzi yanaweza kumfanya mtu awe mjinga namna hii! Ningemuuliza tu: Glenda, noti zako zimefikaje kwenye gitaa la Clive? Sentensi moja. Sikuuliza. Nilikunywa chai yangu, nikambusu shavuni, nikatoka nje nikalipiga teke pipa la taka mpaka kidole kikavimba.

Ijumaa nilitoka kazini kwangu kiwandani saa saba mchana. Nikaingia kwenye kibanda cha simu cha barabarani.

"Halo, Mama Tranter? Glenda yupo?"

"Yuko kanisani, mwanangu, anafanya mazoezi. Si unajua leo Ijumaa?"

"Yuko na nani?"

"Na nani tena? Na Mungu wake!"

Nikaenda. Nje ya kanisa, pembeni ya ukuta, limeegeshwa gari la bendi, lile la kubebea vyombo. Clive ndiye mwenye ufunguo wake. Nikasukuma mlango wa kanisa. Umefungwa kwa ndani.

Nikaweka sikio. Kinanda kikapiga zile saba. Gitaa likajibu. Kinanda kikapiga tena, halafu kitu kikaanguka puu! Kisha vicheko. Cha Clive kwanza. Halafu cha Glenda, kile cha kushindwa kupumua, ambacho nilidhani ni mimi tu duniani ninayejua kukitoa.

Wangekuwa kimya ningevumilia. Kile kicheko ndicho kilichoniua.

Sikubisha hodi. Nikarudi nyumbani, nikajifungia chumbani, nikatoa daftari.

Mimi ni Mkatoliki, nimekua nikimtumikia padri altareni. Biblia naijua. Maneno yote ya bendi yetu ni yangu: moto wa jehanamu, Siku ya Hukumu, malaika aliyeasi. Vijana wanadhani tunaabudu shetani, bibi zao wanadhani tunahubiri, na wote wananunua tiketi. Siku ile niliandika juu ya Uria. Askari mwaminifu, mkewe mzuri, na mfalme mmoja mpiga nyuzi aliyemtazama huyo mke akioga, akamchukua, kisha akamsukuma mume mstari wa mbele vitani ili afe.

Siku iliyofuata nikampa Clive karatasi.

"Kaka, haya makali!" akasema, bado anasoma kwa kutembeza midomo. Clive hakuwahi kufungua Biblia, hata ya kuwekea chini ya meza inayoyumba. "Huyu Daudi ndiye yule wa kombeo?"

"Huyohuyo."

"Na alikuwa mwanamuziki?"

"Alikuwa bingwa wa kinubi. Vidole vyake vilikuwa hatari."

"Basi ni mwenzangu!" Akacheka, meno yote nje. "Tutayaweka juu ya rifu mpya."

"Ndivyo nilivyokusudia," nikasema.

Onyesho lilikuwa Jumamosi ya tatu ya Mei, mwaka 1971, ukumbi wa densi wa pale mjini. Watu walijaa mpaka jasho likawa linadondoka kutoka darini. Bwana mmoja wa kampuni ya santuri alikuwa amekuja kutoka London kutusikiliza, na Glenda alikuwa mstari wa pili, kavaa gauni la bluu nililomnunulia.

Clive akampungia mkono. Glenda naye akampungia.

Wanasema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi sikukonda. Mimi nilipasuka. Kabla ya wimbo wa mwisho nikaivamia maikrofoni.

"Wimbo huu," nikasema, "ni zawadi kwa mpiga kinanda mmoja wa kanisa la Wamethodisti, Smethwick. Mchana anampigia Mungu, na mlango ukishafungwa anampigia rafiki yangu. Glenda, simama watu wakuone!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na miluzi. Clive akanigeukia, mdomo wazi. Duggie, ambaye akishaanza kuhesabu hawezi kusimama, akahesabu nne. Zile noti saba zikanguruma, na Clive akaimba dhambi ya Daudi kwa sauti yake yote huku sasa akiielewa, neno kwa neno, na uso ukimwiva.

Watu walipagawa. Hatukuwahi kushangiliwa vile, na mimi nilikuwa namtazama Glenda tu. Hakulia. Alisimama wima mpaka noti ya mwisho.

Tulipofika chumba cha nyuma, naye aliingia.

"Nev, umesema nini pale?"

"Nilichokisikia! Mlango umefungwa, gari liko nje, mnacheka!"

"Ulikuja?"

"Nilikuja!"

"Na hukubisha?"

Nikaanza kuchomoa waya wa besi yangu.

"Clive," akasema, bila kuniondolea macho, "mwambie."

"Glenda, tulikubaliana…"

"Mwambie!"

Clive akavua gitaa akaliegemeza ukutani. Sijawahi kumwona mnyonge vile.

"Tulikuwa tunakutoa kwenye bendi, Nev. Yule bwana wa London alisikia kanda yetu mwezi wa pili. Akasema maneno mazuri, ila besi inachechemea na nyimbo hazina rifu ya kumkamata mtu. Nikatafuta mpiga besi mwingine. Duggie alijua."

Duggie akaangalia viatu vyake.

"Glenda akasikia," Clive akaendelea. "Akanifuata kazini kwangu, mbele ya wenzangu wote. Akaniambia, nina sauti moja ya kinanda, sijampa mtu yeyote, nakupa. Ifanye yako. Ila Nev abaki, na asijue kamwe kwamba alikuwa anatoka."

"Na vicheko?" nikauliza. "Mlicheka nini?"

"Nilitaka kujaribu zile pedali na hivi viatu vyangu vya visigino. Nikateleza, nikaanguka chini ya kinanda. Bado mbavu zinaniuma."

Nje watu walikuwa bado wanaimba zile noti saba kwa midomo.

"Glenda," nikasema, "mimi nilidhani…"

"Ungeniuliza."

"Niliogopa."

"Uliogopa kuniuliza tukiwa wawili, ila hukuogopa kunivua nguo mbele ya watu mia nne." Akavuta pete kidoleni, ikagoma, akakilamba kidole, ikatoka. Hakunipa mimi. Akampa Duggie. "Mshikie mwenzako. Yeye vitu vya watu hawezi kuvitunza."

Akatoka. Nikataka kumfuata, Duggie akanishika bega.

"Hasira hasara, bwana," akasema taratibu. "Umeshaipata. Kaa chini."

Maneno ya maikrofoni yalifika kanisani kabla yangu. Jumatatu nilipiga simu, mama yake akapokea.

"Mama Tranter, tafadhali naomba niongee naye."

"Neville, usiniite mama. Wazee wa kanisa wamemsimamisha. Miaka tisa anapiga kile kinanda, tangu ana kumi na nne. Wamemnyang'anya ufunguo. Tangu jana hajala."

"Lakini hakufanya kitu!"

"Sasa hayo unaniambia mimi?" Akakata.

Simu ikabaki mkononi inalia tuu, tuu. Nilikuwa nimetaka kumchoma Clive. Nani alikuwa analipa? Clive anashangiliwa barabarani, na Glenda amekaa jikoni kwao bila kinanda.

Nikaenda kwa Mzee Fereday, msimamizi wa kanisa lao, mfua minyororo mstaafu mwenye mikono mikubwa kama sepetu. Akaniacha nimesimama mlangoni.

"Nimekuja kuungama, mzee. Nilimsingizia Glenda. Naomba nizungumze na mchungaji, faragha."

"Faragha?" Akanitazama juu mpaka chini. "Hayo ni ya kwenu, kijana. Mnaingia kibandani, mnamnong'oneza padri, mnatoka mmetakata. Hapa kwetu hakuna kibanda. Ulisemea wapi?"

"Kwenye maikrofoni."

"Basi na dawa yake ni hiyohiyo. Njoo Jumapili wakati wa matangazo. Maikrofoni hatuna, ila koo unalo."

Siku mbili sikulala. Jumamosi nikazichana karatasi zote za wimbo wa Uria. Clive akaja nyumbani kwangu mbio.

"Umechana? Nev, London wanautaka wimbo ule!"

"Wanataka rifu. Maneno nitaandika mengine. Na kwenye santuri mtunzi wa sauti ataandikwa Glenda Tranter, si wewe."

"Watu watanicheka! Rifu kali namna ile kutoka kwa mpiga tenzi za kanisani?"

"Wakucheke. Mimi kesho nachekwa kabla yako."

Jumapili nikaingia kanisani mwao. Glenda alikuwa benchi la nyuma pembeni ya mama yake, mikono mapajani. Kwenye kinanda alikuwa ameketi mzee mmoja anayetafuta noti kama anayetafuta miwani. Mzee Fereday akatangaza chai ya akina mama, akatangaza ukarabati wa paa, kisha akasema, "Kuna kijana ana neno."

Nikasimama. Watu kama themanini, na kila mmoja ananijua.

"Naitwa Neville Pargeter. Nilisema ukumbini kwamba Glenda Tranter ana uchafu na rafiki yangu. Ni uongo. Alikuwa ananitetea kwa siri nisitolewe kwenye bendi, ili nisiaibike. Nilisikia kicheko nje ya mlango huu, nikakimbia. Sikubisha. Nilikuwa na wivu, nikaupamba kwa Maandiko uonekane haki. Glenda hana kosa. Mwenye kosa ni mimi, peke yangu."

Bibi mmoja mbele akasema kwa sauti, "Nilijua tu! Kijana mwenye nywele ndefu hizo!" Watu wakacheka kidogo.

Mzee Fereday akatembea mpaka benchi la nyuma. Akatoa ufunguo mfukoni. Akamnyooshea Glenda, na Glenda akaupokea. Akapita katikati ya kanisa, karibu yangu kabisa, gauni lake likanigusa mkono. Hakunitazama. Yule mzee akampisha kwenye kinanda kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa jela.

Ibada ilipoisha nikamsubiri nje kwenye mvua ya manyunyu. Akatoka wa mwisho, akifunga mlango.

"Duggie alikuja kwetu jana," akasema. "Ananiuliza afanye nini na pete. Mama yake ameiona, anadhani anaoa."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Glenda, sistahili kukuuliza kitu."

"Hapo ndipo unaponiudhi!" Macho yakamjaa machozi kwa mara ya kwanza. "Uliza, Nev! Maisha yako yote unaandika, unakisia, unanuna. Niulize kitu, mimi nipo hapa!"

Basi nikamuuliza.

"Bado unanipenda?"

"Bahati mbaya, ndiyo."

"Utakubali nikuoe?"

Akafuta uso kwa kiganja. Akanitazama muda mrefu mpaka nikahisi maji ya mvua yananiingia kwenye kola.

"Nitakubali. Ila mimi ndiye mpiga kinanda wa hapa, na bibi harusi hawezi kujipigia mwenyewe. Kwa hiyo siku hiyo atapiga Clive. Gitaa. Tutafanya mazoezi kila Ijumaa, mimi na yeye, humu ndani, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi."

Wivu ukanichoma palepale, hapa, chini ya mbavu. Sitadanganya.

"Sawa," nikasema.

"Una uhakika?"

"Sina. Lakini sawa."

Glenda akacheka, kile cha kushindwa kupumua, akanishika mkono tukaenda kwa Duggie kuchukua pete.