Kiti Kitupu cha Kinyozi

Zamani kinyozi alifungua kibanda chake asubuhi na mapema. Alipangusa kiti, akapangusa kioo, kisha akaimba vibaya mpaka mteja wa kwanza afike. Siku hizi mkewe ndiye aliyefungua mlango na kupangusa kiti. Mwenye kibanda aliketi kwenye benchi la wateja, miguu imemvimba, anahema.

"Ulilala jana?" mkewe alimuuliza.

"Nililala nimekaa, mama watoto. Nikijinyoosha pumzi zinakata."

Figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi. Mara mbili kwa wiki alikwenda hospitali kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Akitoka hapo alipata nguvu, akanyoa vichwa siku mbili tatu. Lakini kati ya mashine tatu za hospitali, mbili ziliharibika. Wagonjwa wote wakagawana moja. Zamu ya kinyozi ikawa mara moja kwa wiki, na mkewe, muuza mboga, aliona kwa macho yake kwamba mume anamponyoka.

"Mashine zitatengenezwa lini?" alimuuliza muuguzi kila wiki.

"Hata sisi tunasubiri, mama."

Alijibiwa hivyo miezi miwili. Mwisho uvumilivu ukamwisha. Siku hiyo kinyozi alikuwa amelala kwenye mashine, kifua wazi, mdomo wazi, mirija ya damu mkononi. Mkewe alitoa simu, akampiga picha, akaiweka mtandaoni. Chini yake aliandika: "Jamani, mume wangu anakufa! Sambazeni!"

Wakasambaza kweli. Kufikia kesho yake watu elfu kumi na mbili walikuwa wameiona. Walituma pole, walituma vikatuni vya kulia. Mmoja alisema muuguzi aliyeonekana pichani ni muuaji, na wengine wakamshangilia. Muuza mboga alisoma yote huku mchicha wake ukinyauka kwenye meza. Alijisikia kama dunia nzima imekuja kumshika mkono.

Kinyozi hakujua kitu, mpaka mteja alipochungulia mlangoni.

"Pole bwana, nimekuona kwenye simu. Kumbe ndani ya shati umekwisha namna ile!"

Mwingine aliuliza kama ugonjwa huo huambukizwa kwa wembe. Aliambiwa hauambukizwi. Akasema sawa, akaenda kunyolewa kwingine. Wengi wakamfuata, na kiti kikabaki kitupu hata siku ambazo kinyozi alikuwa na nguvu za kusimama.

Jioni alimtazama mkewe. "Umenivua shati mbele ya watu."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua! Ulitaka ninyamaze?"

"Sikuficha maradhi," alisema kinyozi. "Nilikuwa nimelala."

Hakusema naye tena siku tatu. Katika nyumba ya vyumba viwili, siku tatu za kununiwa ni ndefu jamani.

Siku ya nne jirani yao alikuja kununua mboga. Alifanya kazi katika chama cha kutetea haki za wagonjwa. Mtaa mzima ulimwita Spika, maana akisalimia mwanzo wa barabara, anaitikiwa mwisho wa barabara. Lakini siku hiyo aliongea polepole.

"Dada, nimeiona picha. Watu wangapi wameiona?"

"Elfu kumi na mbili."

"Na mashine ngapi zimetengenezwa?"

Muuza mboga aliinamisha kichwa. Machozi yakamtoka.

"Usilie, si kwamba nakucheka," alisema Spika. "Watu walikuonea huruma, ila hukuwaambia wafanye nini. Wakasema pole, wakaenda zao kula. Ungekuwa wewe, ungefanya nini zaidi?"

"Nifute?"

"Futa leo. Labda wapo walioihifadhi, hao hatuwawezi. Kisha umwombe mumeo radhi. Habari za ugonjwa ni za mgonjwa mwenyewe. Hata mke huomba ruhusa kwanza."

"Na huyo muuguzi?"

"Muuguzi hana kosa. Nimeulizia hospitali. Kipuri cha kutengeneza mashine kinapatikana. Barua ya kukinunua imekaa Ofisi ya Vifaa vya Tiba, haijatiwa sahihi. Tukitaka kupiga kelele, tuzipeleke kwenye mlango huo."

Muuza mboga alifuta picha palepale. Aliandika pia kwamba muuguzi ametukanwa bure, akaomba msamaha. Usiku alimwomba mumewe radhi. Kinyozi alisogea kidogo kumpisha akae.

Jumamosi wagonjwa wanne walikutana kibandani. Spika aliuliza nani yuko tayari uso wake uonekane mtandaoni. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Uso wangu huu?" alisema fundi cherehani, bibi mwembamba ambaye mashine ya hospitali ilimfahamu kuliko wajukuu zake. "Utakimbiza hata hao wa ofisini!"

Walicheka mpaka wakakohoa. Hapo kinyozi akasema, "Pigeni picha kiti changu."

"Kiti?" aliuliza mkewe.

"Kikiwa kitupu. Kila mtu anajua kiti cha kinyozi ni cha nini. Wataelewa."

Basi ikawa hivyo. Fundi cherehani alitoa picha ya cherehani yake imefunikwa kitambaa. Mwalimu alitoa ubao usioandikwa kitu, na dereva usukani wa lori lake. Kila mmoja alitia sahihi kukubali picha itumike.

"Ukibadili mawazo, niambie, naitoa," Spika aliwaambia.

"Yangu ibaki mpaka mashine zote tatu zifanye kazi," alisema fundi cherehani. "Andika hivyo hivyo."

Chini ya kila picha waliandika maneno yaleyale: "Mwenye kazi hii anasubiri mashine. Tunaomba Ofisi ya Vifaa vya Tiba itie sahihi barua ya kipuri kabla ya tarehe ishirini. Piga simu ofisini. Sema kwa adabu." Wakaweka namba ya ofisi. Mtu mmoja alileta namba ya nyumbani ya mkubwa wa ofisi hiyo, Spika akaikataa.

"Tuna shida na meza yake, si na watoto wake."

Jumatatu saa tatu asubuhi wote walituma kwa pamoja. Safari hii walioona hawakufika hata elfu mbili. Lakini mia tatu walipiga simu, na simu ya ofisi ikalia mpaka jioni. Kesho yake ikalia tena. Karani akajibu, "Tumesikia, tumesikia."

Tarehe ishirini ikafika, ikapita. Barua haikutiwa sahihi. Muuza mboga alitaka kutukana, vidole vikamwasha kweli. Badala yake waliandika: "Tarehe imepita. Bado tunasubiri." Watu wakapiga tena.

Tarehe ishirini na moja fundi cherehani alifariki. Zamu yake ilikuwa kesho yake.

Barua ilitiwa sahihi tarehe ishirini na nne. Wiki mbili baadaye mashine moja ilianza kufanya kazi. Wauguzi wakaongeza saa, na kinyozi akarudi kwenye zamu mbili kwa wiki. Miguu ikapungua uvimbe. Wateja wakaanza kurudi, mmoja mmoja, wengine wakiona haya. Wagonjwa waliandika mtandaoni kuishukuru ofisi. Lakini kipuri kilitosha mashine moja tu; ya tatu bado ilikuwa mbovu, na wagonjwa wapya walirudishwa nyumbani.

Spika alikwenda kwa binti wa marehemu. "Mama yako hayupo tena. Tuitoe picha yake?"

"Mwenyewe alisemaje?"

"Ibaki mpaka mashine zote tatu zifanye kazi."

"Zote zinafanya kazi?"

"Bado moja."

"Basi mwacheni mama yangu asubiri," alisema binti, akalia.

Jumatatu iliyofuata kinyozi alikuwa akinyoa. Mkewe alisimama mlangoni na simu.

"Nikupige picha ukiwa kazini?"

Kinyozi alijitazama kifuani. "Ngoja nifunge vifungo."

Alifunga shati mpaka shingoni, akapigwa picha, akaitazama, akasema inafaa. Kisha akatazama saa ukutani. Ilikuwa saa tatu. Alimwomba mteja wake radhi, akaweka mashine ya kunyolea chini, akachukua simu.

"Habari za asubuhi, karani. Ni mimi, yule kinyozi. Asante kwa mashine ya pili. Leo napiga kwa niaba ya fundi cherehani. Anaulizia ya tatu."