Sura Alizozichomoa Fundi

"Wifi, hicho kitabu chako kinasemaje kuhusu nepi kavu?"

Mke wa Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mtoto kifuani, kitabu chenye jalada la kijani kimefunguliwa juu ya mto, anatafuta kwa kidole mstari baada ya mstari. Mlangoni alisimama dada mkubwa wa mumewe, aliyekuja kumtunza tangu ajifungue, nepi mkononi. Ilikuwa imekauka kama ilivyotoka kabatini.

"Kinasema nimwache anyonye," alisema mwishowe. "Maziwa yanakuja kadiri mtoto anavyohitaji. Nisiwe na wasiwasi tu."

"Na mtoto naye amekisoma?"

Mwanzo mtoto alikuwa analia mpaka majirani wanabisha hodi. Sasa halii. Kila aliyekuja kumwona alimsifu kwa upole wake, akasema huyu hatawasumbua, na mama yake alikuwa anatabasamu kwa adabu huku akipapasa nepi kama imelowa. Mtoto alishika ziwa, akavuta kidogo, akalala. Ukimgusa mguu anafungua macho, anavuta tena, analala. Midomo ilianza kubanduka ngozi.

Wifi alishasema wanunue maziwa ya kopo. Alisema jana, akasema juzi, na kila mara alijibiwa kwamba kitabu kimekataza. Si kwamba mke wa Fundi alikuwa mtu wa kuamini kila kilichopigwa chapa. Mumewe alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Watu walimletea vitabu vilivyochanika, yeye anavifumua, anavishona upya na kuvivika jalada, na miaka ile walipokuwa wanatafuta mtoto, kila kitabu cha uzazi kilichopita karakana kilipitia kwanza mikononi mwa mkewe. Alikuwa na la kusema juu ya kila kimoja. Kipo alichosema kimeandikwa na mtu ambaye miguu yake haijawahi kuvimba. Kipo kilichomlaumu mwanamke kila ukurasa, na mwanamume akatajwa mara moja tu, kwenye shukrani. Kipo kilichomwambia dawa ya kushika mimba ni kutokuwaza juu ya mimba, akakirudisha karakana siku hiyohiyo na kumwambia mumewe akijalidi kwa misumari.

Halafu mimba ikaja, ikatoka. Baada ya hapo hakusema tena kitu juu ya kitabu chochote.

Ilipokuja mimba ya pili, Fundi alimletea hiki cha kijani. Alikishona kwa mkono wake, akakivika kitambaa laini. Humo mlikuwa na sauti ya mama mtu mzima anayeongea taratibu, hatishi, hakaripii. Alikisoma mpaka akaweza kukisema kwa moyo akiwa amefumba macho. Mimba ikakua, mtoto akazaliwa salama, na tangu siku hiyo ukimgusia kitabu kile ulikuwa kama umemgusia mumewe.

Wifi alipotoka kwenda kuanika, mke wa Fundi alichukua simu akamwandikia mumewe.

"Mtoto hajakojoa tangu jana. Dada yako anataka tumpe ya kopo. Nifanyeje?"

Jibu lilikuja kabla hajaiweka simu chini.

"Mpeni. Mpeni sasa hivi. Halafu nendeni kliniki, nakuja."

"Kitabu kinakataza."

"Achana na kitabu, mke wangu. Nakuomba."

Aliusoma ujumbe ule mara nyingi. Mwenye kitabu ndiye anayemwambia aachane nacho? Lakini haukuwa wakati wa kuuliza. Alimwita wifi, wakamfunika mtoto, wakatoka. Kitabu alikitia kwenye mfuko wa nepi, kwa mazoea tu.

Kliniki, muuguzi alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa kamba shingoni. Alimweka mtoto kwenye mizani, akatazama kadi, akatazama mizani tena. Alimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, ngozi ikachelewa kurudi. Alimwita daktari, daktari akampima, akasema hawaondoki leo.

Muuguzi alileta maziwa kwenye kikombe kidogo kama cha dawa, akakigusisha mdomoni mwa mtoto. Ya kwanza yalimwagika shingoni. Ya pili yakamwagika. Kisha ulimi ukatoka, ukalamba, na mtoto akameza. Akameza tena. Akafungua macho akakazana na kile kikombe kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya.

Mama yake alitazama. Mtoto wake hakuwa mpole. Alikuwa na kiu. Siku zote zile watu wakimsifu, alikuwa na kiu.

"Atapona?" aliuliza.

"Anameza, hiyo ni heri. Mengine tutayaona jioni, sitakudanganya," muuguzi alisema. "Nawe utaendelea kumnyonyesha, usiache. Unamnyonyesha, kisha unamwongezea. Maziwa yako kwa sasa hayatoshi. Huwatokea wengi, wala si kosa lako. Hakuna aliyekwambia?"

Alitoa kitabu kwenye mfuko.

Muuguzi alikipokea, akafungua ukurasa wa kwanza, akashangaa. Alisema hiki wanacho pale kabatini, ndicho wanachowaazima kina mama kwa sababu hakifichi kitu. Alikwenda akarudi nacho. Maneno ya ukurasa wa kwanza yalikuwa yaleyale. Ila cha kliniki kilikuwa kinene, cha kijani chembamba.

"Hii hapa," muuguzi alisema, akionyesha kwa kidole. "Maziwa Yasipotosha. Sura nzima."

Mke wa Fundi alifungua cha kwake mahali palepale. Pale palipopaswa kuwa na sura hiyo, habari za kumshika mtoto zilimalizika, na ukurasa uliofuata ulianza na uji. Alirudi nyuma, akalinganisha. Mimba Inapotoka, haimo. Damu Isiyotarajiwa, haimo. Homa Baada ya Kujifungua, haimo. Alipitisha kidole kwenye mshono wa ndani. Hapakuwa na pengo wala kipande cha karatasi iliyochanwa. Uzi ulikuwa umepita sawasawa, kwa ile namna ya kuvuta aliyoijua, maana alishakaa mara nyingi karakana akiitazama mikono inayoivuta.

Mwenye mikono hiyo aliingia wakati huo, anahema, gundi imemkaukia kwenye kucha. Alikwenda moja kwa moja kwa mtoto. Kisha akaviona vitabu viwili kitandani, akasimama.

"Umezichomoa wewe," mkewe alisema.

Fundi hakutafuta pa kutazama.

"Nimezichomoa mimi."

Wifi, aliyekuwa dirishani, alikunja kanga yake taratibu. "Wifi," alisema, "nimpige mimi, au utampiga mwenyewe?"

Hakuna aliyecheka. Wifi akatoka na muuguzi, wakaurudisha mlango.

"Na namba za kurasa? Mbona sikuona zimeruka?"

"Zilikuwa chini. Nilipunguza kingo, zikaondoka na vipande. Yaliyomo ya mbele nayo nikayatoa."

"Yaani ulikaa ukapima."

"Nilikaa nikapima. Ulikuwa unasoma mabaya tu, mke wangu. Ukishika kitabu chochote unakwenda kwanza kwenye damu. Ulifika mahali unaogopa kwenda msalani kwa utakachokiona. Nilikuwa nakutazama na sina la kufanya. Mimi najua uzi na gundi. Nikasema nikutengenezee kimoja ambacho hakina hofu."

"Na maziwa?"

"Ile sura ilikuwa inatisha pia. Inasema mtoto anaweza…" Hakumalizia.

"Anaweza kufa."

"Ndiyo."

Mtoto alikohoa kidogo, wote wawili wakageuka. Akatulia. Mkewe aliongea bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomwumiza Fundi.

"Unajua mimi nilidhani nini? Kitabu kinasema maziwa yanakuja, mimi hayaji. Nikasema basi mimi ndiye mbovu. Nimekaa chumba kile namwomba Mungu msamaha kwa kosa nisilolijua. Kumbe anayelijua anarudi kila jioni ananiuliza nimeshindaje."

"Tangu alipoacha kulia nilijua. Kila asubuhi nikitoka nasema jioni nitamwambia. Jioni nakukuta umekishika kile kitabu kama umeushika mkono wangu. Nikashindwa."

"Hofu ilikuwa yangu, Baba. Ungeniachia."

Fundi alikaa chini, sakafuni, maana kiti kilikuwa upande wa pili, karibu na mkewe, na hakuthubutu kukifuata. Hakuomba msamaha mara mbili. Aliomba mara moja, kwa sauti ndogo.

"Mimi usinijalidi," mkewe alisema. "Vitabu vya watu jalidi utakavyo. Mimi niache na kurasa zangu zote."

Aliitikia kwa kichwa.

Alikisogeza kitabu cha kliniki upande wa mumewe, kisha akabadili mawazo, akakifunga.

"Wewe ulizisoma kabla hujazichomoa?"

"Nilizisoma."

"Basi niambie. Kwa mdomo wako. Anza na ya mimba inapotoka."

"Sasa hivi?"

"Lini tena?"

Fundi alifuta mikono kwenye suruali. Alianza kwa kugugumia, anatafuta maneno. Alisema sura inaanza na dalili, akazitaja. Akataja maumivu, akataja damu, na mkewe alifumba macho lakini hakumzuia. Halafu akasema kuna mahali inasema kwamba mara nyingi haijulikani sababu.

"Inasema mimba haitoki kwa mama kubeba kitu kizito. Wala kwa kugombana na mumewe, wala kwa kuwaza vibaya. Inasema mara nyingi, chochote mama alichofanya siku hiyo, hata asingekifanya…"

Alisita. Machozi yalikuwa yanamtiririka mkewe bila sauti, yanadondokea kwenye kichwa cha mtoto.

"Nilisogeza kabati siku ile," alisema. "Ulikuwa kazini. Sijawahi kukwambia."

Fundi alimtazama. Miaka yote hiyo wameishi nyumba moja na lile kabati.

"Na hayo maneno," mkewe alisema, "yalikuwa humo ulimochomoa?"

"Yalikuwa humo."

Hapo Fundi ndipo alipoinamisha kichwa, mikono imelala magotini kama vifaa visivyo na kazi.

"Rudia," mkewe alisema.

"Inasema haitoki kwa kubeba kitu kizito."

"Rudia."

Alirudia. Alirudia mpaka muuguzi akaja na kikombe kingine cha maziwa, mtoto akaanza kumeza, na mkewe, bila kumtazama, akanyoosha mguu akamsogezea kiti.